Pima Kwanza, Ndipo Uchimbe Msingi: Somo la Kujenga Karibu na Mto, Bahari na Ardhi Oevu

Ploti ya futi 50 kwa 100 ndiyo wengi wetu hununua tunapotaka kujenga. Urefu wake ni takriban mita 30. Sasa ichukue ploti hiyo uiweke kando ya mto mpana, upande wake wa nyuma ukigusa ukingo. Kwa kipimo ambacho kanuni za Kenya zimetumia kwa miaka mingi, mita 30 kutoka ukingo wa mto kama huo hazijengwi nyumba ya kudumu. Mwenye ploti ana hati miliki, ana risiti, analipa kodi ya ardhi kila mwaka, lakini hana mahali pa kuweka jiwe la msingi.

Hiyo ndiyo sababu ya somo hili. Wakazi wengi wa Kilifi hujua sheria ya kujenga karibu na maji siku ile maafisa wanapochora alama ya X kwenye ukuta. Wakati huo fedha zimekwisha kutumika. Tunataka uijue mapema, kabla hujamlipa dalali na kabla fundi hajachimba.

Ardhi oevu ni ipi?

Wengi wakisikia "ardhi oevu" hufikiria kinamasi chenye mafunjo na vyura. Sheria inaona mbali zaidi. Kanuni za mwaka 2009 kuhusu ardhi oevu, kingo za mito, fuo za maziwa na pwani ya bahari zinahesabu kuwa ardhi oevu mahali popote panapofunikwa na maji, ya kudumu au ya msimu, ambapo mimea na wanyama wamezoea hali hiyo. Hapo ndani yamo maeneo ya bahari ambayo kina chake hakizidi mita 6 maji yanapokupwa.

Kwa kaunti yetu, maana yake ni pana. Mikoko ya Mida na ya hori za Kilifi na Mtwapa imo. Mdomo wa Mto Sabaki, kati ya Malindi na Mambrui, umo. Vidimbwi vinavyojaa wakati wa masika na kukauka baadaye pia vimo.

Na vijito vya Ganze, Kaloleni na Rabai vinavyobaki mchanga mtupu miezi mingi ya mwaka? Sheria ya Maji inatambua mkondo wa asili hata kama maji hupita kwa vipindi. Kwa hivyo usidanganywe na mchanga mkavu. Mzee wa mtaa atakwambia maji yalipita wapi mara ya mwisho, na maji hufuata mkondo.

Kipimo ni mita ngapi?

Kanuni za Ubora wa Maji za 2006 na Kanuni za Usimamizi wa Rasilimali za Maji za 2007 ziliweka hesabu moja ambayo kila mkazi anaweza kuifanya mwenyewe. Pima upana wa mto kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Upana huo ndio ukubwa wa eneo la kuachwa kila upande wa mto. Lakini eneo hilo haliwezi kuwa chini ya mita 6, wala halizidi mita 30.

Tuifanye kwa mifano mitatu.

Kijito chenye upana wa mita 2: upana wake ni mdogo kuliko mita 6, kwa hivyo unaacha mita 6 kila upande.

Mto wenye upana wa mita 11: unaacha mita 11 kila upande. Kwenye ploti yetu ya mita 30 inayoanzia ukingoni, zinabaki mita 19 za kujenga.

Mto wenye upana wa mita 45: hesabu inavuka kikomo, kwa hivyo unaacha mita 30 kila upande. Ploti yetu imekwisha.

Jambo la pili ni mahali pa kuanzia kupima. Usianzie pale maji yalipo leo. Kanuni za 2006 zilitaja kiwango cha juu kabisa cha mafuriko kilichowahi kurekodiwa. Mto wakati wa kiangazi hujikunja katikati ya mchanga, lakini nafasi yake halali ni ile ya siku ulipofurika. Tazama matawi ya miti yaliyonasa takataka, tazama alama za tope kwenye mashina, kisha uliza waliokaa hapo miaka mingi.

Kwa ziwa, bwawa au lambo, kanuni za 2007 zilitumia kipimo kingine: mita 30 za mlalo au kimo cha mita 2 juu ya kiwango cha juu cha maji, kile kilicho kifupi.

Kanuni hufanyiwa marekebisho kila baada ya muda. Hesabu hii ikusaidie kujua kama una swali la kuuliza. Jibu la mwisho ni la maafisa wa Mamlaka ya Rasilimali za Maji (WRA), ambao ndio wenye kazi ya kupima na kuweka vigingi.

Mbona tunasikia vipimo tofauti?

Mmoja atakwambia mita 2, mwingine 6, mwingine 30, na aliye pwani atataja 60. Huenda wote wanasema kweli, ila wanasoma sheria tofauti.

Mita 2 zinatoka katika kanuni za kilimo za zamani, nazo zilihusu kulima kando ya mkondo mwembamba. Hazikuandikwa kwa ajili ya nyumba. Mita 6 hadi 30 ndizo za maji na mazingira, kama tulivyoeleza.

Mita 60 zinatoka katika Kanuni za Upimaji Ardhi za 1994. Ardhi ya serikali iliyo kando ya bahari inapopimwa ili itolewe kwa watu, kwa kawaida huachwa ukanda usiopungua mita 60 juu ya alama ya maji kujaa. Kwa mito inayofikiwa na maji ya kujaa na kupwa, ukanda huo ni mita 30. Aidha, Ibara ya 62 ya Katiba inasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Kwa hiyo anayekuuzia ufuo ambao bamvua huufunika anakuuzia mali isiyo yake.

Sheria mbili zikigongana mbele yako, fuata ile inayotaka uache nafasi kubwa zaidi hadi upate jibu la maandishi kutoka ofisi husika.

"Lakini nina hati miliki"

Hili ndilo jibu tunalolisikia zaidi, na linahitaji maelezo ya makini.

Mto wenyewe ni wa umma. Ardhi ya kando yake inaweza kuwa ndani ya hati yako, na kanuni za maji hazikunyang'anyi umiliki. Zinakuwekea masharti ya matumizi. Unaendelea kuwa mwenye ardhi, lakini katika ule ukanda huruhusiwi kujenga jengo la kudumu, kulima, kukata miti na uoto wa asili, kutupa taka, kuchimba udongo au mawe, wala kupanda miti ya kigeni inayoweza kudhuru maji.

Unachoweza kufanya ni kuuacha uoto wa asili ukue, kupanda miti ya kienyeji inayoshika udongo, na kuacha njia ya kwenda mtoni. Sheria ya Maji ya 2016 haihitaji kibali kwa anayechota maji ya matumizi ya nyumbani kwa ndoo au mtungi bila kujenga mtambo. Ukitaka kuweka pampu na mabomba, au kukausha kinamasi, kibali kinahitajika.

Idhini zipi, na kwa mpangilio gani?

Hakuna karatasi moja inayotosha. Kila ofisi hutazama jambo lake, na muhuri wa moja haufuti kazi ya nyingine. Mpangilio unaofaa ni huu:

1. Hakikisha ardhi. Fanya utafutaji rasmi katika sajili ya ardhi, upate nakala ya ramani ya eneo, na umwite mpima ardhi aliyesajiliwa akuonyeshe vigingi vya mpaka. Ramani ikionyesha mto au mkondo kando ya ploti au ndani yake, usilipe kabla ya hatua ya pili.

2. Nenda WRA. Omba maafisa wapime na kuweka vigingi vya eneo la kando ya mto. Ikiwa kazi yako itagusa maji yenyewe, kama vile kuweka kalvati, kivuko au ukuta wa kuzuia mmomonyoko, uliza kibali chake hapo hapo.

3. Nenda NEMA. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, katika kifungu cha 42, inakataza kujenga, kuchimba, kutupa vitu, kukausha, kuziba au kugeuza mkondo wa mto, ziwa, bahari au ardhi oevu bila idhini ya maandishi ya Mkurugenzi Mkuu wa NEMA, inayotolewa baada ya tathmini ya athari kwa mazingira. Tathmini hufanywa na mtaalamu aliyesajiliwa na NEMA. Dai kuona leseni yake ya mwaka huu kabla hujamlipa.

4. Njoo kaunti. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 inasema hakuna ujenzi unaoanza ndani ya kaunti bila idhini ya serikali ya kaunti. Utaleta michoro iliyotayarishwa na wataalamu waliosajiliwa, hati ya umiliki na stakabadhi ya kodi ya ardhi, pamoja na yale uliyopata WRA na NEMA. Hatua ya tatu na hii ya nne zinaweza kwenda sambamba, kwa hivyo ulizia dirishani mapema.

5. Sajili mradi. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi (NCA) husajili mradi na kuhakikisha mwanakandarasi wako anatambulika.

Baada ya hapo ndipo fundi achimbe. Weka nakala za idhini zote kwenye eneo la ujenzi, kwa sababu mkaguzi akifika ataziomba.

Ukikataliwa, au ukinyamaziwa

Kukataliwa si mwisho wa safari. Kaunti ikikukatalia, una siku 14 za kukata rufaa kwa Kamati ya Uhusiano ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya kaunti, na kutoka huko unaweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Usiporidhika na uamuzi wa NEMA kuhusu leseni, una siku 60 za kupeleka malalamiko yako kwa Jopo la Kitaifa la Mazingira. Siku hizo huhesabiwa kwa ukali, kwa hivyo andika tarehe uliyopokea barua.

Je, kaunti isipokujibu kabisa? Sheria ya 2019 inasema ombi lisilojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60 linachukuliwa kuwa limekubaliwa. Hii ni haki yako. Lakini kimya cha kaunti hakihesabiki kuwa idhini ya NEMA wala ya WRA. Anayejenga kando ya mto kwa kutegemea siku 60 peke yake bado yumo hatarini.

Anayeanza kujenga bila idhini ya kaunti anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh500,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi 2, au vyote viwili. Juu ya hayo, anaweza kutakiwa kuirudisha ardhi katika hali yake ya awali ndani ya siku 90. Hiyo ina maana ya kubomoa kwa gharama yake mwenyewe.

Masharti haya yanalinda nini?

Ni rahisi kuona foleni hii ya ofisi kama usumbufu. Tuangalie yaliyotokea mahali pengine nchini.

Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, karibu na Mai Mahiu katika Kaunti ya Nakuru, maji ya mvua yalikuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli ya zamani baada ya njia ya kupitishia maji kuziba. Tuta lilipoachia, maji, matope na mawe viliwapitia watu wakiwa wamelala. Zaidi ya watu 40 walikufa. Katika msimu huo huo wa mvua, mafuriko yaliua zaidi ya watu 200 kote nchini, na serikali ikawaamuru waliokaa ndani ya mita 30 za mito jijini Nairobi waondoke.

Hapa kwetu, mwishoni mwa 2023, mvua za El Niño zilifunika daraja la Mbogolo na kukata barabara ya Mombasa kwenda Malindi. Nao Sabaki ni sehemu ya mwisho ya Mto Athi, mto wa pili kwa urefu nchini baada ya Tana. Mvua inayonyesha nyanda za juu karibu na Nairobi hutufikia siku kadhaa baadaye, hata kama kwetu jua linawaka. Ndiyo maana mkazi wa Garashi au Marafa hawezi kupima usalama wa mto kwa kutazama mawingu ya kwake.

Ardhi oevu ndiyo inayoyapokea maji hayo. Hunywa kama sifongo, huyapunguza kasi, hunasa tope, kisha huyaachilia polepole. Mikoko huvunja mawimbi na kuwalea samaki wachanga ambao wavuvi wetu watawavua baadaye. Ukiijaza kifusi ili upate ploti kavu, maji yale hayapotei. Yanaenda kwa jirani.

Ipo pia hasara ya fedha. Agosti 2018 jijini Nairobi, jengo la South End Mall kando ya barabara ya Lang'ata na lile la Ukay Centre huko Westlands yalibomolewa baada ya mamlaka kusema yalisimama kwenye ardhi ya mto. Baadhi ya wamiliki wa majengo yaliyobomolewa wakati huo walisema walikuwa na idhini. Mkazi wa kawaida aliyekopa kwenye chama au sako ajenge nyumba moja hana uwezo wa kuibeba hasara kama hiyo. Ndiyo maana tunasisitiza idhini zote, na vigingi vya WRA kabla ya yote.

Kama umekwisha kujenga

Usikimbie wala usiongeze chumba kingine. Omba WRA ipime ili ujue kwa hakika uko ndani au nje ya eneo. Ukipata notisi ya kaunti au amri ya NEMA ya kurekebisha mazingira, isome tarehe yake na utafute ushauri wa wakili au ofisi ya msaada wa kisheria mara moja. Kwa wanaokaa kwenye ardhi ya umma bila idhini, Sheria ya Ardhi inataka notisi ya maandishi ya angalau miezi 3 kabla ya kuondolewa. Notisi hiyo haigeuzi ardhi kuwa yako, lakini inakupa muda wa kuhamisha familia na mali kwa heshima.

Na ukimwona mtu mwingine akimwaga kifusi kinamasini au akiziba mkondo, ripoti kwa afisa wa wadi, chifu au NEMA. Ibara ya 70 ya Katiba inamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea mazingira safi bila kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara.

Jipime

Jibu maswali haya kabla ya kutazama majibu.

(a) Ploti iko kando ya kijito cha msimu chenye upana wa mita 4. Uache mita ngapi?
(b) Kaunti imepitisha michoro yako. Unaweza kuanza kujenga kando ya mto?
(c) Dalali anakuonyesha ploti kavu mwezi wa Februari. Utamuuliza nini?

Majibu: (a) Mita 6 kutoka kiwango cha juu cha mafuriko, hata kama kijito ni kikavu leo. (b) La, mpaka uwe na idhini ya NEMA na vigingi vya WRA, na mradi uwe umesajiliwa na NCA. (c) Muulize maji hufika wapi wakati wa masika, kisha umuulize jirani swali hilo hilo dalali asipokuwepo.

Msimu wa kiangazi ndio wakati ploti nyingi za kando ya maji huuzwa, kwa kuwa ndipo zinapopendeza. Ukiwa na shaka, beba nakala ya hati na ramani uje katika ofisi ya mipango ya ardhi ya kaunti ndogo yako. Kuuliza ni bure, na utakuwa bado hujatoa hata shilingi ya msingi.